Jinsi ya kusoma picha za Mirihi mwenyewe bila macho kukudanganya

Picha za Mirihi zinashuka kila mara na kuwekwa wazi mtandaoni, bure, zikiwa mbichi vilevile kamera ilivyozipiga, lakini bado watu wengi wanaijua hii sayari kupitia zile picha mbili tatu zinazozungushwa kila mwaka na maneno ya "mlango waonekana Mirihi". Inaniuma kweli, kwa sababu zile mbichi ndo zenye utamu na wala huhitaji digrii kuzisoma, unahitaji simu, intaneti na utaratibu. Na utaratibu wenyewe ni huu: usianze kwa kujiuliza hiki kitu kinafanana na nini. Anza na picha imepigwa wapi na lini, halafu ukubwa, halafu jua liko upande gani, halafu rangi imeguswa au haijaguswa, halafu tafuta picha pacha yake. Ukishavuka hapo ndo useme sasa hili jiwe linaniambia nini.

Za kuanzia ni za rova mbili za NASA, yaani magari ya roboti yanayotembea kule juu ya ardhi. Curiosity ilitua kreta ya Gale (kreta ni shimo pana lililoachwa na kimondo) Agosti 2012, Perseverance ikatua kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, na kila moja ina ukurasa wake wa picha mbichi kwenye tovuti ya NASA ambapo unaweza kuchuja kwa kamera na kwa sol. Sol ni siku ya Mirihi, ina saa 24 dakika 39 na sekunde 35, na wanahesabu kuanzia kutua, ile siku ya kutua yenyewe ikiwa sol 0. Kwa hiyo sol 1000 ya Curiosity na sol 1000 ya Perseverance zimepishana miaka, usizichanganye. Mwanzoni usihangaike na kamera zote, chukua mbili tu, Navcam inayokuonyesha mazingira kwa upana, na Mastcam (kwa Perseverance ni Mastcam-Z) ambayo ndo ya rangi nzuri na inavuta mbali. Zile Hazcam zilizofungwa chini karibu na magurudumu ziache kwanza, lenzi zake zinapinda sana pembeni, ardhi tambarare inatoka imevimba na utaanza kuona vilima ambavyo havipo.

Kabla hujaiangalia picha soma jina la faili. Hapa watu wanaruka na ndo penye kila kitu. Kwa Perseverance jina likianza na ZL0_0053, Z ni Mastcam-Z, L ni jicho la kushoto, na zile tarakimu nne ni sol ya 53. NRF ni Navcam ya kulia, FLF ni Hazcam ya mbele kushoto. Curiosity ina mtindo wake, picha za Mastcam zinaanza na sol moja kwa moja kisha herufi, yaani 0182ML ni jicho la kushoto, 0182MR la kulia, na MH ni MAHLI, ile kamera ya mwisho wa mkono inayopiga vitu kwa karibu kabisa. Na ujue macho mawili ya Curiosity hayalingani, la kushoto lina lenzi ya mm 34 na la kulia mm 100, kwa hiyo jiwe lilelile litaonekana dogo kushoto na kubwa kulia wala rova haijasogea hata hatua moja. Navcam zake zinaanza na NLB au NRB na ile namba ndefu inayofuata sio sol, ni saa ya chombo inayohesabu sekunde, hapo sol utaisoma kwenye maelezo ya picha. Ukikutana na picha inasambaa haina jina la faili, haina sol, haina kamera, ichukulie kama uvumi mpaka uipate ya asili.

Kitu kingine kinachowachanganya wageni ni kwamba picha hazishuki kwa mpangilio. Rova inarusha data kwa setilaiti zinazopita juu yake, kama Mars Reconnaissance Orbiter ya Marekani au Trace Gas Orbiter ya Ulaya, na hizo ndo zinazituma kwenye madishi makubwa huku Duniani, na mara nyingi kinatangulia kijipicha kidogo chenye ukungu, picha yenyewe kamili inafuata baadaye. Hakuna aliyeficha kitu hapo, rudi baada ya siku kadhaa. Kila baada ya miezi 26 hivi kuna pia kipindi jua linakaa katikati yetu na Mirihi, na kwa kama wiki mbili wanasitisha kutuma amri kabisa, kwa hiyo ukiona kimya usianze kutunga.

Sasa ukubwa, na huu ndo mtego namba moja. Mirihi hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu kasimama pembeni, na hewa yake ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya wa kwetu, kwa hiyo siku ambayo vumbi ni dogo kilima cha mbali kinaweza kuonekana wazi karibu sawa na jiwe lililo mbele ya gurudumu. Jicho linakosa pa kushika. Ule "mlango" uliosambaa sana ulipigwa na Curiosity tarehe 7 Mei 2022, na ni mpasuko wa kawaida kwenye mwamba wenye urefu wa kama sentimita 30 tu kwenda juu. Paka anapita kwa shida. Lakini picha ilikuwa imekatwa kingo zote, imebaki ile sehemu moja nyeusi yenye pembe, na kila aliyeiona aliipa urefu wa mlango wa nyumba kwa sababu hakuna kitu kingine cha kupimia.

Kwa hiyo tafuta rula yako ndani ya picha. Rula nzuri kuliko zote ni alama za magurudumu, gurudumu la Curiosity lina kipenyo cha sentimita 50 na upana wa 40, kwa hiyo mfereji mmoja wa tairi mchangani ni sentimita 40, hiyo unaipimia mawe yote ya jirani. Ukiangalia vizuri kwenye mfereji huo kuna vijialama vinavyojirudia kila gurudumu likimaliza mzunguko, ni herufi JPL, jina la maabara ya NASA iliyoitengeneza, kwa alama za Morse, na hazikuwekwa kwa mapambo, rova inazitumia kupima imesogea kiasi gani kweli au gurudumu lilikuwa linazunguka tu papo hapo. Tundu la drili la Curiosity lina upana wa sentimita 1.6. Perseverance ikikwangua jiwe inaacha duara safi la sentimita 5. Na ukiona kwenye jiwe vitobo vidogo vimepangwa mstari ulionyooka kabisa, hayo sio maajabu, ni leza ya ChemCam, kifaa cha Curiosity, imepiga kujua jiwe lina kemikali gani. Kama picha haina hata kimoja, fungua Navcam ya sol hiyohiyo uone lile jiwe limekaa umbali gani na rova. Ni dakika mbili tu.

Upeo wa macho nao unadanganya. Sayari yenyewe ni ndogo, kipenyo kama kilomita 6,780, zaidi kidogo ya nusu ya Dunia, kwa hiyo kamera iliyo mita 2 juu ya ardhi tambarare inaona mpaka kama kilomita 3.7, wakati hapa kwetu ingefika 5. Ukiona milima nyuma ya picha za Gale, ile mara nyingi ni ukingo wa kreta yenyewe, kreta yenye upana wa kilomita 154 na mlima katikati, Mount Sharp, unaopanda kama kilomita 5 kutoka sakafuni. Curiosity inaupanda huo mlima toka 2014 na kila ikipanda inasoma tabaka jipya zaidi, kwa sababu matabaka ya chini yalilala kwanza. Ukilishika hilo, utaanza kufuata sol za Curiosity kwa mpangilio na hutaki kuacha.

Baada ya ukubwa, jua. Tafuta kivuli kimoja ambacho huna shaka nacho, cha mlingoti wa rova kwa mfano, au cha jiwe lililosimama peke yake, ujue mwanga unatoka wapi kabla ya kusema hiki ni shimo na hiki ni nundu. Ubongo wetu umezoea mwanga wa kutoka juu, kwa hiyo picha iliyopigwa kutoka angani mwanga ukiingia upande usiotarajiwa, kreta zinageuka zinaonekana kama vichuguu. Dawa yake ni kugeuza simu juu chini, au kuzungusha picha nyuzi 180, mashimo yanarudi kuwa mashimo palepale. Kwa picha za HiRISE, kamera kubwa iliyoko kwenye Mars Reconnaissance Orbiter, shika kanuni moja: ile setilaiti inapita saa tisa alasiri kwa saa za huko, kwa hiyo jua liko magharibi, na picha ikishalazwa kaskazini juu, mwanga unatoka kushoto. Upande wa kushoto wa nundu ndo unang'aa. Upande wa kushoto wa shimo ndo una kivuli. Liandike mahali hilo.

Na ule "uso" wa Cydonia, kilima cha Mirihi ambacho watu walikiona kama uso wa mtu, ni somo la mwanga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Viking 1, chombo cha NASA, ikiwa kwenye mzingo iliupiga tarehe 25 Julai 1976, jua likiwa chini, vivuli virefu, picha yenyewe haina pikseli za kutosha, na kuna vidoti vyeusi vya data iliyopotea, kimoja kikatua pale pale panapotakiwa kuwa na tundu la pua. Setilaiti ya Mars Global Surveyor ikapita tena 1998 na 2001 na kamera kali zaidi, jua likiwa pembe nyingine, na kikaonekana kilima cha kawaida cha juu bapa kilichomomonyoka. Jaribu kuziweka hizo picha tatu pamoja kwenye skrini. Hutasahau kuangalia vivuli tena maishani.

Rangi sasa. Hapa watu wanagombana bure. Picha mbichi kabisa inatoka na rangi ya kahawia ya njano njano kwa sababu mwanga wenyewe unachujwa na vumbi lililoko hewani. Kuna nyingine wanazirekebisha mawe yaonekane jinsi ambavyo yangeonekana chini ya mwanga wa Dunia, hiyo inawasaidia wanajiolojia kulinganisha na mawe wanayoyajua, ila anga inageuka ya bluu kidogo. Na kuna zile za kuvutwa rangi kwa nguvu ili tofauti ndogo za madini zijitokeze. Zote tatu ni halali, maelezo ya picha yanasema ni ipi, kosa ni kuzilinganisha bila kujua. Hata NASA wenyewe ilibidi wajifunze, picha ya kwanza ya rangi ya Viking 1 Julai 1976 ilitolewa na anga ya kibluu kisha ikasahihishwa ikawa ya pinki yenye uchungwa. Ndo maana rova zinabeba ubao mdogo wa rangi zinazojulikana ambao kamera inaupiga mara kwa mara ili kupima, wa Perseverance una hata maandishi pembeni, na ule wa MAHLI ya Curiosity una sarafu ya senti moja ya Marekani ya 1909. Ukitaka kuona vumbi linavyokaa Mirihi angalia picha za hiyo sarafu za mwanzo halafu za miaka ya baadaye.

Ukishusha faili la Mastcam ukakuta ni la kijivu lina vijimraba vidogo vidogo kila mahali, halijaharibika, ni data ya kamera kabla rangi hazijaunganishwa, tafuta tu nakala nyingine yenye rangi. Na kitu ambacho napenda kila mtu akione kwa macho yake: tafuta picha za Februari 2013 za tundu la kwanza la drili la Curiosity, kwenye mwamba walioupa jina John Klein. Juu jiwe ni jekundu la kutu. Unga uliotoka ndani, sentimita 6 tu chini, ni wa kijivu. Wekundu wote unaouona ni ngozi, vumbi lenye oksidi ya chuma limefunika, ndani ya ule mwamba kutu haikufika, na ule unga wa kijivu ulikuwa na madini ya mfinyanzi yaliyoonyesha kwamba pale palikuwa na ziwa la maji ambayo hayakuwa na chumvi nyingi wala asidi kali. Machweo nayo ni kinyume na yetu, jua linazama katikati ya duara la bluu, na hiyo ni kweli sio rangi za kuongeza, chembe za vumbi laini zinaupitisha mwanga wa bluu mbele zaidi kuelekea kwenye kamera. Curiosity iliyapiga hayo Aprili 2015.

Picha pacha ni hatua ambayo inaua uvumi mwingi kuliko zote. Navcam inapiga jicho la kushoto na la kulia kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukiona taa inawaka kwenye upeo wa macho, kabla hujamtumia mtu yeyote fungua ya jicho la pili. Aprili 2014 kulikuwa na picha ya Curiosity yenye alama nyeupe inayong'aa kwa mbali, ya jicho la kulia ilikuwa nayo, ya kushoto iliyopigwa sekunde ileile haikuwa nayo. Chembe za miale ya anga zinapiga kihisio cha kamera moja kwa moja na kuacha doti au mstari mweupe, na huko hakuna hewa nzito ya kuzizuia, kwa hiyo zinaonekana mara nyingi, au ni mwamba umeakisi jua kwa pembe ambayo jicho moja tu limeipata.

Pacha wa muda ni muhimu vilevile, sehemu ileile siku tofauti. Januari 2014 rova ya Opportunity ilikuta jiwe mbele yake, jeupe pembeni jekundu katikati, mahali ambapo sol 12 kabla hapakuwa na kitu. Watu walisema mengi. Walipofuatilia picha za alama za magurudumu wakaona pale gurudumu lilipovunja mwamba, kipande kikaruka, basi, na kwa kuwa upande uliokuwa umefichwa chini sasa uko juu wakapata bahati ya kuusoma. Mfano mwingine ni wa Phoenix, chombo cha NASA kisichotembea, ilitua kaskazini kabisa Mei 2008, ikachimba kimfereji, ndani kukaonekana vipande vyeupe. Chumvi au barafu? Wakapiga picha, baada ya siku nne wakapiga tena palepale na vile vipande vimetoweka. Chumvi haiondoki yenyewe. Barafu inaondoka, inageuka mvuke moja kwa moja kwa sababu mgandamizo ni mdogo mno maji kukaa pale kama kimiminika. Picha mbili tu, na tofauti kati yake ndo jibu lenyewe.

Na kumbuka kuna takataka zetu kule. Julai 2022 Perseverance ilipiga kitu kama bunda la nyuzi limejikunja mchangani, kikapata jina la tambi mtandaoni, kumbe ni mabaki ya vifaa vilivyotumika wakati wa kutua, na wiki chache kabla ilikuta kipande cha karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto kimenasa kwenye jiwe. Kitu chenye kung'aa sana au chenye mstari ulionyooka mno karibu na eneo la kutua, fikiria kwanza parachuti, ngao ya joto, kreni ya angani iliyoishusha rova. Upepo unavisogeza.

Haya, mawe. Hapa chukua muda wako, ndo raha yenyewe ilipo.

Cha kwanza tafuta mistari. Mwamba wenye matabaka membamba ya kulala sawa, ya upana unaofanana, mara nyingi ni tope lililotulia chini ya maji yasiyotembea. Matabaka yanayoinama na kukatana kwa pembe ni mchanga uliokuwa unasukumwa, na maji au na upepo, na kutofautisha hivyo viwili unaangalia ukubwa, matuta ya upepo yanaacha matabaka makubwa ya mita nyingi na chembe zake ni ndogo. Chembe ndo ushahidi. Septemba 2012, hata wiki nane hazijaisha toka itue, Curiosity ilipita kwenye mwamba ulioitwa Hottah, bamba limepasuka limeinuka upande mmoja kama zege lililovunjika, na ndani yake kuna kokoto za mviringo zimeshikamana. Zivute uzitazame moja moja. Zimesuguliwa pembe zote hadi laini, na ni kubwa mno kubebwa na upepo, hakuna njia nyingine zaidi ya maji kuzibingirisha kwa umbali mrefu. Walikadiria kijito kilichokimbia kwa kasi ya mtu anayetembea, kina chake kati ya kifundo cha mguu na kiuno. Kwa mawe yaliyokaa kwenye picha moja.

Kisha tafuta nyufa. Nyufa zinazokutana na kufanya vipande vya pembe nyingi juu ya bamba jembamba ni tope lililokauka, Curiosity iliyaona hayo kwenye bamba la Old Soaker mwishoni mwa 2016, na baadaye sehemu inayoitwa Pontours zikaonekana nyingine zenye pembe sita sita. Zile za pembe sita ni za maana zaidi kwa sababu tope likikauka mara moja nyufa zinakutana kwa umbo la T, likilowa na kukauka mara nyingi zinajirekebisha kuwa Y, kwa hiyo unaangalia makutano tu na unajua kama palikuwa na msimu wa mvua na ukame unaojirudia. Mistari myeupe inayokatiza mwamba kwa fujo ni mishipa ya salfeti ya kalsiamu, hiyo inakuambia kitu tofauti, mwamba ulishakuwa mgumu, ukapasuka, halafu maji ya chini yakapita kwenye nyufa na kuacha madini. Maji ya baadaye, sio ya ziwa. Mara nyingine mwamba unamomonyoka na mishipa inabaki imesimama.

Vijiwe vya duara vilivyotapakaa ardhini navyo vina historia, Opportunity ilitua 2004 ndani ya kreta ndogo ya Eagle na kuvikuta kwa maelfu, vya milimita chache, vina hematiti (madini ya chuma), na vilikua ndani ya mwamba kwa maji ya chini kisha mwamba ukaisha vikabaki. Maumbo ya matawi na "maua" ya sentimita moja ambayo Curiosity inapiga mara kwa mara, kama lile la Februari 2022, ni jamaa wa hao hao, madini yaliyoshikana mahali pamoja na upepo ukala kilichozunguka. Jiwe lenye pembe kali na nyuso bapa zilizolainika upande mmoja limechongwa na mchanga wa upepo. Jiwe jeusi linalong'aa chuma, lina mashimo mashimo, limekaa peke yake na halifanani na majirani, huyo anaweza kuwa kimondo, Opportunity ilikuta cha kwanza Januari 2005 karibu kabisa na mabaki ya ngao yake ya joto.

Halafu usisahau kuangalia nyuma ya rova. Mawili kati ya mambo makubwa kabisa yaliyopatikana Mirihi yalifukuliwa na magurudumu. 2007 gurudumu moja la Spirit, rova pacha ya Opportunity, lilikuwa limekufa linaburuzwa, likachimba mfereji, udongo mweupe ukatoka, kipimo kikaonyesha karibu asilimia 90 ni silika, dalili ya chemchemi za moto au mvuke wa volkano. Tarehe 30 Mei 2024 Curiosity ikapita juu ya jiwe likapondeka, ndani kukawa na fuwele za njano za salfa tupu, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kule. Nje lile jiwe lilikuwa la kawaida tu.

Kuna swali litakujia, hivi kuna dalili ya uhai? Mwamba wa kuutazama ni Cheyava Falls, Perseverance iliukuta Julai 2024 kwenye bonde la mto wa zamani wa Neretva Vallis. Tafuta picha ya karibu ya WATSON, kamera iliyoko kwenye mkono wa Perseverance. Utaona madoa ya rangi hafifu yenye ukingo mweusi, ni ya milimita, na kwenye hizo kingo kuna chuma na fosfeti. Duniani madoa ya hivyo mara nyingi yanahusishwa na vijidudu, ila kuna njia za kemikali bila uhai pia, na ndo maana kwenye utafiti uliotoka Septemba 2025 walisema "inawezekana" na sio "tumepata". Sampuli yake iko ndani ya kichupa kule kule. Picha peke yake haiwezi kulimaliza hili, anayekuambia imemaliza usimsikilize.

Ukizoea za chini panda juu. HiRISE inaona vitu vya mpaka kama mita moja, na picha zake zote ziko wazi, wana hata mpango wa HiWish ambapo mtu yeyote anapendekeza mahali pa kupiga. Huku juu angalia mistari myeusi iliyojikunja kunja jangwani, ni njia za chamchela zilizozoa vumbi. Kuwa makini na mistari meusi inayoshuka kwenye miteremko msimu wa joto, 2015 ilitangazwa kama maji ya chumvi, 2017 uchunguzi wa miteremko yenyewe ukaonyesha inafanana zaidi na mchanga mkavu unaoporomoka, kwa hiyo ukikuta makala ya zamani angalia mwaka.

Zoezi la kuunganisha yote: fungua ramani ya Jezero kutoka juu, tafuta pale mto ulipoingia kreta upande wa magharibi na kumwaga mashapo kwa umbo la feni. Kusini kidogo ya ncha ya hiyo feni kuna kilima kimoja kimejitenga, Kodiak. Perseverance iliupiga huo ubavu wake mwaka 2021 ikiwa umbali wa kilomita 2 na kidogo. Chukua picha ya Mastcam-Z, tafuta kivuli, kadiria ukubwa, halafu soma matabaka kutoka chini kwenda juu: yamelala, kisha yameinama kuelekea upande mmoja, kisha yamelala tena. Hayo yaliyoinama ni mchanga wa mto ukimwagika ukingoni mwa delta kuingia ziwani, na pale yanapokutana na yale ya kulala ya juu ndo unapata usawa wa maji ya lile ziwa ulipokuwa. Kisha panda kwa macho juu kabisa ya kilima, kuna mawe makubwa ya mviringo ambayo hayaendani kabisa na mchanga wa chini. Jiulize maji ya namna gani yanaweza kubeba jiwe la mita moja, na andika jina la faili na sol pembeni ya jibu lako ili mwenzako aweze kufungua picha ileile na kukubishia.